Kutoka Katuba hadi kazini kwa baiskeli: mwongozo kwa mkazi wa Lubumbashi

Kila alfajiri, taksi-basi zikiwa bado hazijaanza kugombania abiria, barabara zinazoingia Lubumbashi huwa tayari zina watu wengi juu ya baiskeli. Wengi wao ni wabeba makala, yaani mkaa wa kupikia, waliotoka porini usiku, makumi ya kilomita kutoka mjini, wakiwa wamefunga magunia nyuma ya kiti hadi yamewapita kichwa. Wakazi wa mjini wanawaona, kisha wanahitimisha kwamba baiskeli, au kinga kama tunavyoiita majumbani mwetu, ni chombo cha mtu aliyekosa nauli. Mimi ni mwalimu, naishi Katuba, na shule ninayofundisha iko upande wa barabara ya Kasapa. Kwa miaka tisa nimekwenda kazini kwa baiskeli, na karibu kila jambo la manufaa ninalolijua kuhusu chombo hiki nimelipata kwa wabeba makala hao, ama kwa kuwatazama, ama kwa kuwauliza. Ninamwandikia mtu aliyechoka kusimama nusu saa akingojea gari, anayetaka kuanza, na ambaye ningependa aifurahie safari yake badala ya kuivumilia.

Mji wenyewe unamsaidia anayeanza. Lubumbashi imejengwa juu ya uwanda, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na miinuko yake ni ya upole ukilinganisha na ile ya Bukavu, ambako mtu hupanda mlima akienda sokoni na kuupanda mwingine akirudi. Kutoka vitongoji vyetu vya Kenya, Katuba au Kampemba hadi katikati ya mji, mwendeshaji asiye na haraka mara nyingi hufika wakati jirani yake bado yuko kituoni akisubiri taksi-basi ijae. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama haipo, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali kiasi cha kuhitaji sweta na soksi mikononi. Huo ndio msimu mzuri wa kujifunza, kwa sababu barabara ni kavu na mwili hauchemki. Safari ya kwanza ifanye siku ya Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache: pita njia yote hadi mlango wa kazini, hesabu dakika, angalia mahali lami ilipokatika na mahali mtaro usio na mfuniko unapoikaribia barabara, kisha siku ya Jumatatu toka nyumbani dakika kumi na tano kabla ya muda uliouhesabu.

Baiskeli ya kununua

Nilianza vibaya. Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa inang'aa, ina springi mbele na nyuma, na muuzaji aliniambia kwamba springi hizo zingemeza mashimo yote ya mji. Baada ya miezi mitatu foku ya mbele, yaani uma unaoshika gurudumu, ilikuwa inacheza kama jino bovu. Springi za bei rahisi ni nzito, zinakula nguvu ya miguu kila unapokanyaga, na vumbi likishaingia ndani yake hakuna fundi anayezirudisha katika hali ya awali. Kwa fedha ileile ningeweza kupata fremu imara ya chuma yenye foku ngumu na matairi mapana, na matairi mapana yaliyojazwa upepo kwa kipimo yangenilinda na mashimo kuliko springi zile.

Uchaguzi halisi mjini kwetu ni kati ya aina mbili. Ya kwanza ni baiskeli ndefu nyeusi ya rimu za inchi 28, yenye keria nzito, ambayo wabeba makala wanaipenda kwa sababu vipuri vyake vinapatikana kila soko na fundi yeyote anaijua. Ya pili ni baiskeli ya milimani ya rimu za inchi 26, yenye gia, inayofika kama mtumba kutoka ng'ambo. Hiyo ni nyepesi zaidi kwenye mwinuko na inatulia zaidi kwenye mchanga. Anayekwenda kazini tu kwenye lami anaweza kuridhika na ya kwanza kwa miaka ishirini. Anayetaka pia kutoka nje ya mji siku za mapumziko achukue ya pili. Matoleo mapya ya milimani yana rimu za inchi 27.5 au 29, nayo ni mazuri sana, lakini kabla ya kununua hakikisha kwamba matairi na tyubu za ukubwa huo umeziona dukani kwa macho yako, maana tairi ikipasuka mwezi wa Februari hutaki kuingojea itoke mbali.

Ukiwa mbele ya mtumba, usianze na rangi. Igeuze baiskeli, izungushe magurudumu na utazame kama rimu inayumba kati ya raba za breki. Shika mkono wa pedali na uusukume kulia na kushoto. Ukicheza, gololi za ndani zimekwisha. Fuata kwa kidole kila mahali fremu ilipochomelewa, hasa nyuma ya usukani, kwa sababu ufa mwembamba uliopakwa rangi juu yake huonekana kwa kidole kabla ya jicho. Mwishowe pima mnyororo kwa rula: nafasi 24 kutoka pini hadi pini zinapaswa kuwa na urefu wa sentimita 30.5 hivi. Zikikaribia 30.8, mnyororo umekwisha, na mara nyingi umeshayala meno ya gia za nyuma, kwa hiyo gharama ya vyote viwili itolewe kwenye bei kabla hujatoa fedha.

Kiti ndicho kinachowakatisha tamaa wengi, na kosa karibu kila mara ni lilelile: kiti kimeshushwa mno ili miguu yote miwili ifike chini. Kaa juu ya kiti huku ukishikilia ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo nguvu ilipo. Mtu akishapanda kwa kipimo hiki kwa wiki moja, hawezi tena kurudi kwenye kiti kifupi. Magoti yanaacha kuuma, na baiskeli aliyodhani ni nzito inakuwa nyepesi.

Matairi, upepo na viraka

Hapa ninaomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu tairi ni jambo ninalolipenda na linalonihuzunisha kwa pamoja. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi lenye upepo, na katika miaka michache dunia ikashikwa na kiu ya mpira. Sehemu kubwa ya mpira huo ilitoka katika misitu ya nchi yetu wakati wa Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, na watu wetu walilazimishwa kuutoa kwa kuchomewa vijiji, kwa kuchapwa viboko na kwa kukatwa mikono. Kila ninapobandua tairi kwenye rimu ninawakumbuka. Huenda ndiyo sababu ninaudhika nikiona tairi nzima imetupwa kwa uvivu wa kuziba tundu moja.

Upepo ujazwe kwa uzito wa mtu na kwa aina ya njia. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi la milimani la inchi 26 lenye upana wa sentimita tano, bari 2.5 zinatosha kwenye lami, na unaweza kushuka hadi bari 2 kwenye njia za udongo. Tairi jembamba la inchi 28 linahitaji bari 3.5 hivi. Asiye na kipimo abonyeze tairi kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote: likiingia kidogo tu ni sawa, likilegea kama embe lililoiva, rimu itagonga shimo la kwanza na tyubu itatobolewa mara mbili, matundu mawili yakiwa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona matundu hayo, usitafute msumari. Ongeza upepo.

Kuziba tundu ni kazi ya dakika ishirini, na kila mwendeshaji anapaswa kuiweza. Toa upande mmoja tu wa tairi kwa vijiti vya plastiki au vya mbao ngumu. Bisibisi hutoboa tyubu upya. Vuta tyubu, ijaze upepo, uipitishe polepole karibu na shavu au ndani ya beseni la maji hadi upate mahali panapopumua. Piga msasa mahali hapo hadi pasiwe na mng'ao, kwa eneo kubwa kuliko kiraka, kisha paka solusheni, yaani gundi ya viraka, safu nyembamba na ungoje. Katika kungoja huku ndipo watu wengi wanapoharibu: kiraka kikiwekwa juu ya solusheni mbichi kitabanduka kabla hujafika nyumbani. Ngoja dakika tano, hadi solusheni iache kung'aa, ndipo ubandike na ukandamize kwa nguvu kuanzia katikati kuelekea pembeni. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba au kipande cha waya bila kukukata vidole. Waya huo mwembamba, mabaki ya matairi ya malori yaliyochomwa moto, ni adui mkubwa kuliko misumari katika barabara zetu.

Mbeba makala mmoja wa njia ya Kipushi aliniona siku moja nikijaza upepo kando ya barabara, akasimama. «Mwalimu,» akaniambia, «tairi la nyuma ndilo linalobeba, lakini la mbele ndilo linaloua. La zamani liweke nyuma.» Nimelifuata neno hilo tangu siku ile. Tairi la nyuma likipasuka utayumba na kusimama. La mbele likipasuka kwenye mteremko, usukani unakuponyoka. Tairi jipya daima lianze mbele.

Vumbi jekundu na mvua

Kuanzia Juni vumbi la udongo mwekundu huingia kila mahali, na kinacholivuta zaidi ni mafuta mengi. Mnyororo unapaswa kupata tone moja juu ya kila pingili, kisha usubiri dakika chache ili mafuta yaingie ndani, kisha uufute kwa kitambaa hadi nje ubaki karibu mkavu. Mafuta yaliyobaki nje hayasaidii chochote isipokuwa kuchanganyika na vumbi na kuwa msasa unaokula chuma. Wapo wanaotumia mafuta machafu ya injini, ambayo tayari yana chembe za chuma ndani yake, na wapo wanaotumia mawese, ambayo siku ya kwanza huteleza vizuri, kisha huganda na kunata. Mawese yabaki kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Kopo dogo la mafuta ya cherehani linatosha kwa miezi mingi ya kiangazi. Mvua ikianza, tumia mafuta mazito kidogo yasiyooshwa na maji haraka.

Kati ya Novemba na Machi kanuni hubadilika. Breki za raba zinazobana rimu hupoteza nguvu zikilowa, kwa hiyo zibonyeze kidogo mapema ili ziikaushe rimu kabla hujazihitaji kweli, na uache nafasi mara mbili ya ile ya kiangazi mbele yako. Usipite ndani ya dimbwi ambalo hukuliona likiwa kavu. Mfuniko wa mtaro unaweza kuwa haupo, na maji ya kahawia hayakuonyeshi. Radi za Katanga si za kuchezewa: wingu likianza kunguruma, ingia ndani ya jengo, na usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, hata kama watu wengine wamesimama hapo. Madigadi mbele na nyuma yatakuokoa na mstari wa tope mgongoni, ambao wanafunzi wangu waliufurahia sana mwaka wangu wa kwanza.

Kuhusu mavazi nina machache ya kusema. Shati la kazi likunjwe kwa mviringo, liwekwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na taulo dogo. Mwalimu mwenzangu, mama wa watoto wanne, huendesha akiwa amevaa kaptura ndefu ndani na kitenge juu, kwenye baiskeli ya fremu ya chini yenye kifuniko cha mnyororo. Katika miaka mitano kitenge chake hakijawahi kunaswa. Ukifika, fungia mnyororo wa kufuli kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, na umsalimie zamu, yaani mlinzi wa mlangoni, kwa jina lake kila siku, kwa sababu macho yake ni kufuli la pili.

Kukaa barabarani

Nchini kwetu magari hupita kulia, na anayeanza hujibana kwenye ukingo wa lami akidhani kwamba huko ndiko kwenye usalama. Ukingoni kuna mchanga, chupa zilizovunjika na mtaro, na dereva anayekuona umejibana anaamini kwamba nafasi inamtosha kukupita hata pale isipomtosha. Kaa kiasi cha mita moja kutoka ukingoni, nenda mstari mmoja ulionyooka, na unapotaka kukwepa shimo tazama nyuma kabla ya kuhama, si wakati wa kuhama.

Malori yanastahili aya yao. Barabara ya Kasumbalesa, inayokwenda mpaka wa Zambia, inabeba shaba kwenda nje, na mafuta na tindikali kuja migodini, na malori mengi hutoka Zambia na nchi nyingine ambako watu hupita kushoto, hivyo dereva wake ameketi upande wa kulia. Fikiria maana yake kwako. Dereva huyo, akiwa nyuma yako, anauona ukingo wa barabara vizuri, na wewe pia anakuona. Lakini akiwa anakuja mbele yako nyuma ya gari jingine, hawezi kuona kama njia ni tupu mpaka awe amelitoa lori lake karibu lote kwenye upande wako. Hatari basi inatoka mbele, si nyuma. Ukiona foleni ya malori inakuja, angalia mapema mahali unapoweza kutoka nje ya lami bila kuanguka. Mimi huiacha barabara hiyo kabisa asubuhi, hata kama ninazunguka, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo.

Taksi-basi nazo zina lugha yao, na ukiijifunza utajua kabla ya dereva wa nyuma. Mtazame kondakta. Akigonga bati au akitoa mwili nje ya mlango, gari litasimama mbele yako ndani ya sekunde tatu bila taa yoyote kuwaka. Punguza mwendo, usilipite upande wa kulia ambako abiria watashuka; subiri, au lipite kushoto baada ya kutazama nyuma. Jioni umeme unapokatika na mitaa kuwa giza, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima, pamoja na kitu cheupe mgongoni, kwa kuwa baiskeli ndefu nyeusi na koti jeusi havionekani kabisa katika mwanga wa gari linalokuja.

Jumapili, nje ya mji

Aliyekwenda kazini kwa baiskeli miezi miwili tayari ana miguu ya kutoka nje. Pale nyumba zinapoisha, kuna njia nyembamba zilizofunguliwa na wabeba makala na wafyatua matofali, zinazozunguka vichuguu vikubwa kuliko nyumba, ambavyo udongo wake ndio unaojengea nusu ya vitongoji vyetu. Nenda Septemba inapoishia, kabla ya mvua, wakati miti ya miombo inapotoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba huku ardhi ikiwa bado kavu kama chungu. Kupita chini ya majani hayo saa moja asubuhi, mnyororo ukiwa kimya na hakuna honi, ni furaha ambayo sijui namna ya kumweleza asiyeionja.

Njia hizo zinataka ufundi kidogo. Kwenye mteremko wenye mizizi simama juu ya pedali zikiwa sawa kwa urefu, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, na macho yatazame unakotaka kwenda, kwa kuwa ukilikazia jicho jiwe utaligonga. Kwenye mchanga sogeza uzito nyuma, kanyaga kwa utulivu bila kuacha, na usiguse breki ya mbele. Beba tyubu moja ya akiba, pampu, maji yasiyopungua nusu lita kwa kila saa, karanga na kitambulisho. Kaa mbali na uzio wa migodi, usalimie kila mzee unayemkuta, na uulize kabla ya kupita katikati ya shamba la mtu.

Wengine watataka mashindano, na wana haki: Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, jambo ambalo hakuna Mwafrika aliyelifanya kabla yake. Jambo la kwanza la kujifunza si kasi bali kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako kwa umbali wa nusu mita bila kuligusa, kwa sababu anayekutangulia anakukatia upepo. Anzeni wawili, mpokezane kila dakika moja, kwenye barabara tupu, na anayeongoza apunge mkono kuonyesha mashimo kwa wa nyuma. Wakiwa wanne wanaoelewana, wanaweza kufika Kipushi, kilomita 30 hivi, wakiwa na pumzi ya kurudi.

Na ukirudi kutoka huko utawakuta wabeba makala kwenye mwinuko, wameshuka, wanasukuma. Shuka nawe. Weka mikono kwenye gunia la chini kabisa, karibu na keria, usisukume la juu, maana la juu likiinama baiskeli yote itaanguka upande wake. Sukuma kwa mwendo wake, si kwa mwendo wako, na usiachie ghafla mnapofika juu. Mwambie kwanza, «Baba, ninaachia,» ili aushike mzigo sawasawa kabla ya mteremko.